Tepe nne za Karavani au tepe tatu za jeti: mkataba wa Ghuba wa mpwa wangu

Mkataba ulikuwa kurasa 14 na mpwa wangu alikuja nao kaukunja mfukoni kama risiti ya duka. Ilikuwa baada ya Isha, tukakaa barazani kwangu Kiembe Samaki ambako kila ikipita ndege mazungumzo yanasimama kidogo halafu yanaendelea. Akanambia, "Mjomba, wamenipa siku kumi tu za kujibu." Mie si rubani, nieleweke mapema, nimefanya kazi za chini pale uwanjani miaka ishirini na kitu, kupakia, makaratasi ya uzito, kuelekeza ndege wakati wa kuegesha, lakini kwenye ukoo wetu waliowahi kugusa ndege ni mie na yeye tu, kwahivo jambo likiwa na mabawa huletwa kwangu. Kisa chake nakiandika kwa ruhusa yake maana najua wapo vijana wengine wenye karatasi kama ile mfukoni.

Ana miaka 31, mtoto wa dada'angu, mzaliwa wa Wete. Urubani kasomea Afrika Kusini, na ada ile haikutoka benki, ilitoka mikarafuuni. Shemegi yangu alikodisha mikarafuu yake kwa mfanyabiashara misimu kadhaa mbele, yaani karafuu zinachumwa, zinaanikwa, zinapelekwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na mwenye shamba anaziona zinapita tu mlangoni kwake kwasababu pesa zake alishazila, au niseme alishazila mwanawe. Bado misimu miwili shamba lirudi mikononi mwao. Kwahivo mtu akisema "ni maamuzi yake binafsi, tumuachie mwenyewe", mie nacheka, leseni ile ina wenyewe wengi.

Kazi yake hapa anarusha Cessna Caravan, ile ya injini moja, panga moja mbele, abiria kumi na mbili hivi. Unguja Dar dakika ishirini, Unguja Pemba nusu saa, siku nyengine Mafia, siku nyengine anatupwa mbugani huko kwenye viwanja vya vumbi ambavyo kabla ya kutua inabidi upite juu chini chini kufukuza wanyama. Ni kepteni, tepe nne begani, na mara nyingi yuko peke yake pale mbele. Nimemuona mara nyingi kwa macho yangu, asubuhi anapima mabegi mwenyewe, kuna mtalii kikomo chake kilo 15 kaja na begi la kilo 28 na anacheka kama utani, yeye anatabasamu, anamwambia mama mnene kwa adabu zote "tafadhali wewe kaa hapa katikati" bila ya kumwambia kwanini, anafunga mlango kwa mkono wake, anazunguka ndege anagusa hiki na hiki, ndo anapanda. Kuja saa kumi za jioni keshatua mara nane na shati limemganda mgongoni. Lakini ukija kujumlisha masaa aliyoruka siku nzima, matatu na nusu. Kariri hilo la masaa, tutalirudia.

Sasa ofa. Shirika la ndege la Ghuba, silitaji, jeti ya watu mia na themanini na kitu, yeye aanze rubani msaidizi, tepe tatu. Pesa: mshahara wa msingi dola 3,600, nyumba 1,700, posho ya kuruka inayokisiwa 900, jumla 6,200, na kule mshahara haukatwi kodi. Hapa anapata milioni saba kabla ya makato. Mwajiri wake wa Bara, kwahivo NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, asilimia 10 inaondoka laki saba, iliyobaki inakwenda kwenye PAYE, kodi ya mshahara, ambayo ukishavuka milioni moja kwa mwezi kila kinachozidi kinakatwa asilimia 30, hapo inaondoka milioni moja na laki saba nyengine, mkononi inabaki milioni nne na nusu na ushei, tuseme dola 1,800 kwa kiwango cha siku ile. Basi yeye keshaweka 6,200 huku na 1,800 huku, tofauti 4,400, macho yanamng'ara. Na mie nisijifanye mjuzi, nilipoziona namba zile kwanza na mie yalining'ara.

Nikamwambia lete kalamu. Hapa wanakaa nyumba ya familia Mwanakwerekwe, kodi ya nyumba hawaijui. Mkewe mwalimu wa skuli ya serikali, analeta kama dola 280. Jumla 2,080, matumizi yao 800, Wete wanapeleka 400, wanabaki na 880. Haya twende kule. Kodi ya nyumba vyumba viwili 1,900, na hapo ujue posho ya nyumba ilishapitwa na nyumba yenyewe, chakula na usafiri 1,200, umeme maji simu 300, Wete 400 vilevile kama haikupanda, na itapanda kwasababu ukishasema uko Arabuni kila mtu anakukumbuka, halafu weka 300 kila mwezi za safari za nyumbani. Hiyo ni 4,100. Inabaki 2,100. Mshahara wa mke haupo tena kwasababu kaacha kazi kumfuata. Kwahivo tofauti ya kweli ni dola 1,200 na kitu, si 4,400. Akanyamaza kidogo. Mia kumi na mbili si haba wallahi, lakini ndo uamue kwa hiyo, usiamue kwa ile iliyoandikwa kwa wino mweusi ukurasa wa pili.

Kuna jengine dogo linalowapita wengi. Mshahara wa msingi 3,600 ndo unaotumika kupiga hesabu ya kiinua mgongo, si zile 6,200. Chukua Falme za Kiarabu, sheria yao ya kazi inampa mgeni siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika mitano ya mwanzo na siku 30 kwa kila mwaka baada ya hapo, na usipotimiza mwaka mmoja hupati kitu. Mkataba wake ulifuata mtindo huohuo. Gawa 3,600 kwa 30, zidisha 21, unapata 2,520 kwa mwaka. Hiyo ndo pensheni yako yote, hakuna NSSF kule wala ZSSF, mfuko kama huo wa Zanzibar, mwenye akili aendelee kujichangia mwenyewe hapa nyumbani.

Lakini kama jambo lingekuwa pesa tu ningemwambia baki, lala kwenu, kula kwa mama, utafika. Kilichonigeuza mie ni masaa.

Ana masaa 2,300, mengi kakaa yeye kama kepteni. Mtu wa nje anasikia hivo anadhani milango yote iko wazi. Haiko. Mashirika makubwa yanataka masaa ya kuruka wawili, ndege ya marubani wawili, huyu anarusha huyu anasoma cheklisti na kuongea na mnara. Ulaya kwa mfano leseni ya juu kabisa, ile ya ATPL, inataka masaa 1,500 na ndani yake 500 yawe ya ndege ya marubani wawili. Yeye 1,500 keshazipita zamani, zile 500 anayo sifuri. Na kwenye Karavani ya peke yake ataendelea kuwa na sifuri mpaka mvi zitoke. Anatua mara nane kwa siku, anajua upepo wa kusi unavyosukuma ndege pale Pemba kuliko mtu yeyote mwenye jeti, mikono anayo, ila kwenye fomu ya maombi mikono haina kisanduku chake. Kule Ghuba rubani akishakaa sawa kwenye rosta, ratiba ya zamu, anapata masaa 75 mpaka 80 kwa mwezi. Miaka mitatu ana zaidi ya 2,000 ya jeti. Hilo hapa halinunuliki.

Jirani yangu mmoja aliyekuwa amekaa nasi, mtu wa kahawa, akadakia kwamba leseni ya Tanzania siku hizi imechafuka, si Juni 2025 Ulaya imeyaingiza mashirika yote yenye cheti cha Tanzania kwenye orodha yao ya marufuku? Kweli imeyaingiza, na la taifa lilishatangulia kuingia Desemba 2024. Lakini orodha ile ni ya mashirika, haimzuii rubani mmoja mmoja, yeye leseni yake anakwenda kuibadilisha kule kwa mamlaka ya kule, anafanya mitihani yao na medikali yao, vile vipimo vya afya. Nikamwambia jirani kunywa kahawa.

Haya, sasa ukurasa wa tisa. Huu ndo nilioukunja pembe. Bondi ya mafunzo, dola 27,000, miezi 36. Maana yake wao wanakusomesha ile ndege, taipu-retingi yaani kibali cha kurusha ndege ya aina ile, simuleta yaani mashine ya kujifunzia inayoiga ndege, na kila kitu, na wewe ukiondoka kabla ya miezi 36 unalipa. Hilo la kawaida, si dhulma, simuleta ghali. Dhulma iko kwenye mstari wa nne: inalipwa *yote*, hata ukiondoka mwezi wa 35. Na mstari wa sita: inalipwa pia ikiwa ajira imekatishwa "kwa sababu yoyote". Sababu yoyote ni pamoja na wao kukupunguza. Yaani wakufukuze halafu uwadaiwe. Nikamuuliza, "Baba, hapa umesoma?" akasema kasoma lakini rafiki yake aliyeko huko kamwambia ile haitumikagi. Haitumikagi! Kama haitumiki kwanini imepigwa chapa?

Nikamchorea mstari kwenye nyuma ya karatasi. Mwezi wa kwanza mpaka wa tano darasani, simuleta, kuruka chini ya mwalimu, posho ya kuruka karibu haipo, kwahivo katika zile 1,200 unabaki na mia tatu. Mwezi wa kumi umekusanya labda 7,500 juu ya kile ambacho ungeweka hapa, una masaa kama 400 ya jeti, hata zile 500 hujafika, na shingoni una 27,000. Ikikatika hapo wewe ni maskini kuliko ulivyokuwa Mwanakwerekwe. Mwezi wa 20 una masaa elfu moja na zaidi, umeweka ziada ya kama 19,500, ikikatika una kitu cha kumuonyesha mwajiri mwengine. Mwezi wa 36 uko huru. Kwahivo suala si "Ghuba nzuri au mbaya", suala ni mwaka na nusu wa mwanzo, na siku itakapokatika una nini mkononi. Bondi ingekuwa inashuka kila mwezi, 27,000 kwa 36 ni 750 kila mwezi, basi hatari ile inayeyuka kadri unavyofanya kazi. Ikiwa haishuki, mshahara hata ungekuwa 7,000 mie nisingetia saini.

Hapo tukampigia shemegi Wete, simu ikawekwa spika. Mzee kasikiliza yote kimya, halafu akauliza swali moja. "Hiyo kampuni inazaa kila mwaka?"

Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, unaweza kuzaa mpaka matawi yakainama halafu miaka miwili mitatu ukakuangalia tu. Watu wa Pemba wanapima kila kitu kwa hivyo. Nikamjibu ukweli, haizai kila mwaka. Kuna kijana wa mtaa huuhuu alikuwa rubani msaidizi huko huko Ghuba, Machi 2020 ndege zilipofungiwa kwasababu ya korona akaambiwa akae nyumbani, mwezi wa pili mshahara nusu, mwezi wa nne barua. Viza ya ukaazi kule imefungwa kwenye kazi, kazi ikienda na ukaazi unakwenda, na alikuwa na mkopo wa gari ambao ilibidi aumalize kwanza ndo aondoke kwa amani, basi akauza mpaka friji. Kaja hapa na retingi ya ndege ambayo wakati ule hapa nyumbani hakuna shirika lililokuwa nayo. Retingi inataka kuchekiwa kwenye simuleta, ukikaa bila kuchekiwa inalala, na simuleta haiko Darajani. Kauza vipuri vya pikipiki miaka miwili. Sasa anaruka tena alhamdulillahi, lakini ule muda haukurudi.

Kwahivo nikamwambia mpwa wangu, muulize kwanza ndege hiyo unayopewa retingi nani anayo upande wetu huu. Shirika la taifa lina Dash 8 Q400, Airbus A220, Boeing 737 MAX na 787, Precision wana ATR. Ukirudi na retingi ya kitu kinachoruka hapa umerudi na kitu. Jibu lilikuwa zuri kwake, sisemi zaidi nisije nikalitaja shirika bila kulitaja.

Mengine niyapitie haraka. Cheo: kwenye mashirika haya kila kitu kinakwenda kwa tarehe ya kuingia, likizo, rosta, zamu ya ukepteni, ukihama kwenda jengine unaanza mwisho wa foleni hata uwe na mvi, kwahivo usiende kwa fikra ya kurukaruka. Tiketi za wafanyakazi zinasifiwa sana lakini ni za kusubiri kiti kibaki, na ndege za kuja Zanzibar zinajaa Julai Agosti na Disemba, ndo miezi hiyohiyo unayotaka kuja. Afya: babake ana sukari, na medikali ya daraja la kwanza haina mchezo na sukari, kwahivo aulize kama kuna bima ya kupoteza leseni na inaanza lini. Ilikuwepo, inaanza baada ya majaribio ya miezi sita. Mikopo ya kule asiiguse. Basi.

La mke halikuwa la haraka. Yeye bibie alikuwa ndani na mke wangu, akatoka na sahani ya visheti, akakaa. Mpaka hapo sisi wanaume tulishamtoa kwenye hesabu kwa mstari mmoja, "kaacha kazi". Akasema kwa upole kabisa, "Mjomba, mimi sijaacha kazi. Hakuna aliyeniuliza." Kimya. Ndege ikapita juu, nilishukuru. Miaka saba serikalini, mwakani alikuwa na matumaini ya kupanda daraja, na kule viza yake itakuwa ya mke wa mtu, mume siku kumi na sita za mwezi yuko hewani au kalala hoteli ya mji mwengine, yeye na mtoto wa mwaka na nusu ghorofa ya kumi na moja hajui hata duka liko wapi. Pendekezo lake lilikuwa la akili kuliko letu sote: miezi sita ya majaribio mume aende peke yake, achukue nusu ya nyumba na mwenzake, yeye abaki Mwanakwerekwe na kazi yake. Akipita majaribio aombe likizo bila malipo, si kuacha. Tukarudi kwenye kalamu, ukigawana nyumba kule kodi inashuka 950, na mshahara wa mwalimu haukupotea. Miezi ile ya darasani ambayo nilimhesabia mia tatu, sasa inakuwa elfu moja na nusu. Yule mwanamke kapunguza hatari ya mwaka wa kwanza kwa sahani ya visheti mkononi.

Ukiniuliza mie, nilisema aende. Kwa sharti la ukurasa wa tisa. Dada'angu alitaka asiende kabisa, shemegi alisema "mie nilishakodisha, nnasubiri", ambayo si ndio wala si hapana.

Kaandika barua pepe siku ya sita, nilimsaidia kuipunguza ukali. Mambo mawili tu: bondi ishuke kila mwezi, na wakimpunguza wao asidaiwe. Marafiki zake walimtisha kwamba ukiuliza sana ofa inafutwa. Haikufutwa. Jibu lilikuja siku ya tisa, la kila mwezi wamekataa, wamekubali ishuke kila mwaka, 27,000 mwaka wa mwanzo, 18,000 wa pili, 9,000 wa tatu, na la kupunguzwa kazi wamelikubali kwa barua yenye muhuri, si kwa maneno. Mwaka wa mwanzo bado mbaya. Mie ningevuta zaidi kidogo, yeye akasema "mjomba inatosha", katia saini. Shirika la hapa kalipa notisi yake vizuri, kaaga vizuri, hilo nililisisitiza, kisiwa hiki kidogo.

Siku ya mwisho ya Karavani alipangiwa Pemba. Shemegi alikuja uwanjani Chake, kasimama nje ya uzio na kanzu yake, hakupunga mkono wala nini, ndege ilipoondoka kapanda daladala karudi Wete.

Keshamaliza simuleta. Analalamika kwamba jeti haina kazi ya mikono, unabonya tu, na kwamba mwalimu anamgombeza kwa kufanya kila kitu peke yake badala ya kumwambia mwenzake, tabia ya Karavani hiyo, itamtoka. Juzi usiku kanipigia, rosta ya mwezi ujao imetoka, na ndani yake mna Zanzibar. Anatua saa nane usiku, anakaa chini muda wa saa moja tu, anageuza anarudi, haruhusiwi kutoka nje. Nilikosea nikamwambia dada'angu. Sasa kila siku ananipigia kutoka Wete kuniuliza aje na boti ya siku gani, na kama wale wenzangu wa zamani pale chini wanaweza kumfikishia mkate wa kumimina mpaka mlangoni kwa ndege. Nimemwambia ntaona.